Baina ya Kunuka na Kunukia: Udi wa Mafuta, Ngozi na Kiswahili cha Likasi

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, pua imepewa nafasi ndogo kuliko milango mingine ya fahamu. Sikio limepewa vina na mizani. Jicho limepewa taswira. Hata ulimi umechangia istilahi zake, maana wasomaji husema bila kusita kwamba shairi fulani ni tamu na jingine limechacha. Pua imeachiwa hukumu mbili tu: kitu ama kinanuka ama kinanukia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hizo mbili hazitoshi, na kwamba ushahidi wa upungufu huo umo ndani ya sarufi ya lugha yenyewe. Mfano unaotumiwa ni udi wa mafuta, manukato ambayo mwenendo wake juu ya ngozi huvuka mpaka wa kunuka na kunukia katika muda wa saa chache.

Mahali palipochaguliwa kuupimia udi huo ni Likasi, mji wa shaba na kobalti katika mkoa wa Haut-Katanga, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Uteuzi huu huenda ukamshangaza msomaji, kwa kuwa udi umezoeleka kutajwa pamoja na Unguja, Lamu, Mombasa na Maskati, penye vyetezo na vikuba. Hata hivyo, mtu aliyelelewa na chetezo ameshafundishwa jibu kabla hajanusa. Anajua kwamba udi ni mzuri, kwa hiyo haelezi anachokisikia, bali anathibitisha alichokirithi. Isitoshe, Kiswahili cha Likasi na cha Katanga nzima kimepitishiwa hukumu ya aina ileile inayopitishiwa harufu, kwa kuitwa kibovu na kilichoharibika. Ndiyo maana maswali mawili yanawekwa pamoja hapa: jinsi ya kuyaeleza mafuta yanayotokana na mti uliougua, na jinsi ya kuisikiliza lugha iliyodaiwa kuwa imeoza.

2.0 Mzizi mmoja, hukumu mbili

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, inatenganisha waziwazi vitenzi viwili: nuka kwa harufu mbaya na nukia kwa harufu nzuri. Matumizi ya kila siku yanakubaliana nayo. Mpishi akiambiwa kwamba samaki wake ananukia, atafurahi. Akiambiwa kwamba ananuka, atamtupa. Irabu moja tu imebadili chakula kuwa taka.

Kimaumbo, hata hivyo, nukia ni nuka katika kauli ya kutendea. Ni kiambishi kilekile kinachotenganisha lia na lilia, pika na pikia, imba na imbia. Hakuna katika mifano hiyo mahali ambapo -i- inaleta maana ya uzuri. Inacholeta ni mwelekeo: tendo linapata mtu, mahali au kusudi la kuliendea. Kwa hesabu hiyo, kunukia ni kutoa harufu inayomfikia mtu na inayomhusu. Uzuri umeingia baadaye, kwa mazoea ya wasemaji.

Ushahidi wa jambo hili upo katika lugha ya magazeti na ya barazani. Husemwa kwamba vita vinanukia, njaa inanukia, mgogoro unanukia. Hakuna anayedhani kwamba vita hivyo vina harufu tamu. Kinachosemwa ni kwamba vinakaribia, vimeanza kumfikia mtu kabla ya kuonekana. Maana ya mwelekeo imebaki hai katika usemi huu, na maana ya uzuri haimo kabisa.

Ushahidi wa pili ni nomino manukato. Imejengwa juu ya mzizi -nuk- bila ile -i- ya uzuri, na bado ndilo jina la jumla la vitu vyote vya kunukia. Wa tatu ni kitenzi nusa, kinachomweka mtu katika nafasi ya mtendaji na kisichotoa hukumu yoyote. Lugha jirani za Kibantu nazo, Kiluba na Kibemba miongoni mwao, zina mzizi wa jamii hiyohiyo wenye umbo la -nunka. Inaelekea basi kwamba mzizi huu ulianza kwa kutaja harufu tu, na kwamba mgawanyo wa wema na ubaya umejengwa juu yake kama ukuta juu ya kiwanja kilichokuwa wazi.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili husema kusikia harufu, kama kinavyosema kusikia baridi na kusikia njaa. Kitenzi hicho kinataka muda. Asikiaye hungoja sentensi imalizike ndipo ajue imesema nini. Makala haya yanashikilia kwamba harufu nayo inastahili kusikilizwa hadi mwisho wake.

3.0 Mti uliougua

Mti utoao udi, ambao wataalamu wa mimea huuweka katika jenasi ya Aquilaria, huota katika misitu ya Asia, kuanzia Assam nchini India hadi Kambodia, Vietnamu, Malesia na Indonesia. Mti wenye afya hauna thamani kwa mtengenezaji wa manukato. Mbao zake ni nyeupe, nyepesi, na karibu hazina harufu. Thamani huanza pale mti unapojeruhiwa, kwa tawi kuvunjika, kwa wadudu kutoboa shina au kwa panga la mtu, na kuvu wakapenya kwenye kidonda. Mti hujikinga kwa kutoa utomvu unaojaa taratibu ndani ya mbao. Miaka ipitapo, sehemu hiyo hugeuka nyeusi na nzito, kiasi kwamba vipande vilivyojaa sana huzama majini. Kinachochomwa chetezoni ni kovu.

Kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya miti ya porini inayopatwa na hali hiyo, wakataji huangusha mingi ili wapate mmoja. Ndiyo sababu biashara ya Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1995, na spishi nyingine zote za jenasi hiyo zikafuata mwaka 2005.

Udi wa mafuta hupatikana kwa kuzikeneka mbao hizo. Hupasuliwa vipande vidogo au kusagwa, zikachemshwa kwa siku kadhaa, na mvuke wake ukapozwa hadi mafuta yakatengana na maji. Katika desturi ya Assam, mbao hulowekwa kwanza kwa siku au majuma, zikachachuka kabla ya kutiwa motoni. Hatua hii ya kuchachuka ndiyo inayoupa udi wa Kihindi tabia inayowashtua wageni. Udi wa Kambodia kwa kawaida huanza kwa utamu wa matunda. Ule wa Assam huanza zizini.

Udi si peke yake katika jambo hili. Zabadi, inayotolewa katika tezi za ngawa na ambayo Ethiopia imeiuza nje kwa karne nyingi ikiwa imetiwa katika pembe za ng'ombe, hunuka kinyesi ikiwa nzito na hunukia maua ikizimuliwa. Ambari, itokayo tumboni mwa nyangumi, huwa nyeusi na yenye uvundo ikiwa mbichi. Baada ya miaka ya kuelea juani na katika maji ya chumvi hugeuka kijivu na kuwa tamu. Al-Masudi, aliyeandika katika karne ya kumi, aliitaja ambari ya pwani ya Zanji miongoni mwa bidhaa bora. Vitu vitatu vilivyo katika kilele cha manukato ya bahari ya Hindi, basi, vyote vimepitia uozo. Msemo wa kufanya jambo kwa udi na uvumba unaficha historia hiyo: udi wenyewe ulipatikana kwa jasho, kidonda na subira.

4.0 Saa za ngozi

Manukato ya dukani yenye spiriti huruka haraka. Spiriti hukauka kwa sekunde chache na kuirusha harufu hewani. Udi wa mafuta hauna spiriti. Tone moja hukaa juu ya ngozi, likachanganyika na mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatoa, likapashwa moto na damu ipitayo chini yake. Viambato vyepesi hutangulia kuondoka, vya uzito wa kati hufuata, na vizito hubaki. Mtu hupewa harufu kadhaa zinazopokezana zamu, nyingine ikianza kabla ile ya mbele yake haijakwisha. Kuhukumu udi kwa kunusa kizibo cha chupa ni sawa na kuhukumu utenzi kwa kusoma dibaji.

Wasifu wa udi wa Assam unaweza kuandikwa kwa vitu ambavyo mkazi wa Likasi anavijua bila kusafiri. Dakika za mwanzo ni za uchachu: munkoyo uliolala siku moja zaidi ya ilivyotakiwa, ngozi mbichi ya mbuzi iliyowambwa nyuma ya nyumba, zizi baada ya mvua. Chini ya uchachu huo kuna ukali wenye ubaridi kidogo, kama dawa, unaopanda hadi juu ya pua. Msemaji wa Kiswahili akiulizwa wakati huo, atasema kinanuka, na atakuwa na haki.

Baada ya nusu saa hivi, mnyama huondoka. Kinachobaki ni ngozi ileile ikiwa imekwishatengenezwa: mkanda, kiatu, mfuko wa zamani. Mbao huanza kujitokeza, kwanza zikiwa zimelowa, kisha zikikauka. Hapa ndipo moshi unapoingia, na mtu wa Likasi ana msamiati wake tayari, kwa sababu mji huo hupikia makala yatokayo katika misitu ya miombo. Anajua tofauti ya harufu ya tanuri la makala linalowaka, la makala yaliyozimwa kwa maji na la gunia lililokaa pembeni mwa jikoni. Udi wa kati uko karibu na gunia.

Saa ya pili na ya tatu huleta utamu. Utamu huo ni mzito na wa rangi nyeusi: asali ya msituni iliyotolewa pamoja na masega, tumbaku iliyoanikwa, matunda yaliyokaushwa hadi yakaanza kunata. Uchungu mwembamba huuzuia usichoshe. Jioni, harufu imeshuka ikalala juu ya ngozi, haijitangazi tena chumbani. Aliye karibu tu ndiye anayeipata. Asubuhi ya pili hubaki unga wa ubani na joto la mbao kavu, na katika kanga au shati ilioshikamana nayo huweza kudumu kwa siku kadhaa, hata baada ya kufuliwa.

Mambo mawili yanahitaji kuongezwa. La kwanza ni kwamba mfuatano huu hautembei kwa kasi moja kwa watu wote. Ngozi kavu huyamaliza mafuta mapema, yenye mafuta mengi huyashikilia. Mahali penye joto, kama shingoni, huyafungua haraka kuliko mgongo wa mkono. La pili ni muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya. Pua huzoea. Aliyejipaka huacha kuisikia harufu yake mwenyewe baada ya muda mfupi, ilhali anayeingia chumbani huipata kamili. Mvaaji wa udi, kwa hiyo, si msikilizaji wake mzuri. Harufu yake inakamilika kwa mtu mwingine, na hilo ndilo jambo ambalo kiambishi -i- cha nukia kilikuwa kimelisema tangu awali.

5.0 Likasi: chuma, asidi na mwili

Likasi iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Mji huo ulikuzwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na kiwanda chake cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929, kiliyeyusha madini ya shaba kwa asidi ya salfa kabla ya kuitoa shaba safi kwa umeme. Baada ya kutaifishwa, shughuli zilichukuliwa na shirika la serikali lililokuja kujulikana kwa jina la Gécamines. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Waliishi katika kambi zilizopangwa na kampuni, wakasemezana kwa Kiswahili.

Mwili wa mfanyakazi huyo ulikuwa na manukato yake. Mkono ulioshika sururu au reli kutwa nzima huwa na harufu kali ambayo watu huiita harufu ya chuma. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Dietmar Glindemann walionyesha kwamba jina hilo linapotosha. Chuma, katika joto la kawaida, hakitoi mvuke unaoweza kunuswa. Kinachotokea ni kwamba jasho hulila chuma kidogo, na chembe za chuma zilizoyeyuka huyavunja mafuta ya ngozi yaliyokwisha kuungana na oksijeni, yakatoa viambato vyenye harufu, kimojawapo kikiwa kinafanana na cha uyoga. Harufu ya chuma ni harufu ya mtu aliyekigusa chuma.

Ugunduzi huu una uzito kwa mhakiki. Unaonyesha kwamba kinachofanyika baina ya ngozi na sururu ni cha jamii moja na kinachofanyika baina ya ngozi na udi: mafuta ya mwili yanakutana na kitu kigeni na kuzaa harufu ambayo hakuna upande uliokuwa nayo peke yake. Tofauti iko katika hukumu. Tone la udi lina bei na sherehe, kwa hiyo subira inapatikana hata kwa dakika zake za zizini. Jasho la mchimbaji halina msubiri. Limeambiwa linanuka, na mwenyewe akaambiwa ananuka, sentensi ikaishia hapo.

Hukumu hiyo ilikuwa na matokeo. Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, ilijengwa kwa ukanda mtupu uliotenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika, kwa hoja za usafi na afya. Katika nchi hiyohiyo, kuanzia mwaka 1911, kampuni ya Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi ili mawese yawe malighafi ya sabuni. Mafuta ya Kongo yalisafirishwa ng'ambo yakageuzwa kuwa kitu cha kuondolea harufu ya mafuta ya mwili, kisha yakauzwa kama alama ya ustaarabu. Kitenzi kunuka, katika mazingira hayo, kilifanya kazi ya sheria.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Kusema kwamba harufu isikilizwe hadi mwisho hakumaanishi kwamba kila harufu ina mwisho mwema. Moshi wa salfa unaokwaruza koo na kuchoma kifua hauwi manukato kwa kungojwa. Katika suala hilo pua ni mlinzi, na kunuka ni onyo linalostahili kutiiwa. Mhakiki anatakiwa kutofautisha harufu inayotoa habari za hatari na harufu inayotumiwa kumshusha mtu. Kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi zote mbili, na ndiyo sababu mtu aliyevuta moshi wa kiwanda huweza kulaumiwa kwa harufu ambayo kiwanda ndicho kilichomvisha.

6.0 Lugha iliyodaiwa kuoza

Kiswahili kilifika Katanga kwa njia za biashara ya karne ya 19, wakati Msiri na Wayeke wake, wenye asili ya Unyamwezi, walipotawala kutoka Bunkeya na kupeleka shaba na pembe za ndovu kwa wafanyabiashara wa pwani. Enzi ya migodi ikakieneza. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, Johannes Fabian alionyesha jinsi watawala na wamisheni walivyokipanga Kiswahili cha Kongo katika madaraja, kimoja kikiitwa bora na kingine cha kazi. Waswahili wa pwani nao hawakukosa kuchangia. Kusikia muntu badala ya mtu, bintu badala ya vitu, katoto badala ya mtoto mdogo, au njo ikisisitiza neno lililotangulia, kulitosha kwa wengi kutamka kwamba lugha imeharibika.

Wanaotamka hivyo wananusa kizibo. Umbo la muntu halikutokana na uzembe. Ndilo umbo la lugha za Kibantu zilizokizunguka Kiswahili huko, nalo limehifadhi ng'ong'o ambayo pwani imeiacha. Ka- na tu- za udogo zilikwisha kutoweka katika Kiswahili sanifu, Katanga zikabaki kazini. Lugha iliingia katika mazingira mapya, ikapokea vilivyokuwamo, ikatoa kitu ambacho pwani haikuwa nacho wala Katanga ya awali haikuwa nacho.

Historia ya maneno ya manukato inasimulia hayohayo. Marashi ya pwani, ambayo kwanza ni maji ya waridi yanayonyunyizwa kwa mrashi, yalisafiri kuelekea magharibi hadi yakaingia katika Kilingala kwa umbo la malasi, yakiwa na maana ya manukato ya aina yoyote. Neno lilipanuka kadiri lilivyouacha mrashi nyuma. Kwa upande mwingine, mwaka 1971 mkoa wa Katanga ulipewa jina la Shaba, neno la Kiswahili cha pwani, katika nchi ambayo wenyeji waliiita shaba yao mukuba. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1997 likaondoka, kwa kuwa lilitoka juu na halikupata ngozi ya kushikamana nayo.

Mfano ulio bora zaidi ni maandishi yajulikanayo kama Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, historia ya mji huo iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Kwa macho ya aliyezoea Kiswahili sanifu, kurasa zake ni vurugu: maneno yameunganishwa au kukatwa pasipotarajiwa, nukta hazina utaratibu, tahajia inayumba. Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, aliona kwamba maandishi hayo yalifunguka yaliposomwa kwa sauti na mzawa wa lugha hiyo, Kalundi Mango. Mipaka ya sentensi ilijitokeza katika pumzi ya msomaji. Kilichoonekana kuwa uozo kilikuwa matini inayongoja mwili wa kuipasha moto.

Ulinganisho huu haukusudiwi kuwa pambo. Udi na matini ya Yav vinadai kitu kimoja kwa anayevikabili: avumilie mwanzo usiompendeza, akubali kwamba maana inakuja kwa zamu, na akiri kwamba haitakuja bila mwenye kuibeba. Watumishi wa nyumbani, ambao historia yao ndiyo iliyoandikwa humo, ndio waliofua nguo na kutandika vitanda vya waliowaambia kwamba wananuka. Walijua harufu ya kila nyumba. Waliposhika kalamu, walitumia Kiswahili chao kilivyo, na habari walizozihifadhi hazikupotea kwa sababu ya tahajia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgawanyo wa kunuka na kunukia, unavyotumiwa leo, unaficha mambo mawili ambayo lugha yenyewe inayajua. Jambo la kwanza ni muda: harufu ni tukio lenye mwanzo, kati na mwisho, na hukumu inayotolewa mwanzoni ni hukumu ya sehemu. La pili ni uhusiano: harufu humfikia mtu, na sehemu ya kile anachokiita ubaya au uzuri hutoka kwake, katika mazoea yake, hofu yake na cheo anachompa aliye mbele yake.

Mapendekezo matatu yanafuata. Watunga kamusi wangefaa kuieleza nuka kwa maana yake pana ya kutoa harufu, kisha waonyeshe kwamba matumizi ya sasa yameielekeza upande wa ubaya, na wasiiache nukia bila maana yake ya kukaribia. Wahakiki nao wangefaa kukusanya msamiati wa harufu mahali ulipo, katika makala, munkoyo, sururu na mvua ya kwanza juu ya vumbi jekundu la Likasi, badala ya kungoja pwani iwapimie kila kitu kwa halwaridi na asumini. Na wanaoshughulikia lahaja za bara wangefaa kuacha neno kibovu hadi watakapokuwa wamesikiliza vya kutosha kuweza kusema ni nini hasa kimeoza, na uozo huo umezaa nini.

Udi ulioanza zizini umeishia katika ubani, juu ya ngozi ileile na kwa pua ileile. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa saa chache na mtu wa kukaa karibu. Kiswahili cha Likasi hakihitaji kingi zaidi ya hicho.